Kibao Kipya Hakikamui Ng'ombe

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Gakoromone, Meru

Wakulima wenzangu wa skimu,

Mwezi huu sitaandika juu ya mbolea, wala juu ya bei ya maziwa. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani haliwahusu, nalo ni kubadilika kwa mashirika yanayofanya utafiti wa kilimo. Mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi na Ulaya. Mimi nina ploti yangu na ng'ombe wawili, yanihusu nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Soma mpaka mwisho, kisha useme.

Kabla sijaendelea, yafaa nijulishe mimi ni nani. Nilisomea ualimu, lakini kazi niliyopata ni ya ukarani. Kazi yangu ni kuandika barua, kutunza faili na kuwajibu watu wafikao dirishani. Haya ninayoandika ni maoni yangu mwenyewe, si tangazo la ofisi.

MAMA NA NAMBA SABA

Asubuhi moja alifika dirishani mama mmoja mkulima, anatoka sokoni Gakoromone. Alifungua fundo la leso yake akatoa maharagwe yapata konzi moja, akayaweka mbele yangu. Akasema, "Mwanangu, hii ni namba saba. Nataka kujua jina lake."

Nilimwomba akae anieleze. Akasema kwamba miaka kadhaa iliyopita walikuja watafiti katika shamba lake. Walipima vipande vinane vidogo, wakapanda maharagwe ya aina nane, na kila kipande wakakitilia kijiti chenye namba. Hawakumwambia majina, kwa kuwa walitaka achague bila kupendelea. Hilo lilikuwa jambo jema. Mama akapalilia misimu miwili na kuangalia kwa makini. Aina nyingine zilikauka mvua ilipokatika mapema, nyingine zikashikwa na ugonjwa wa majani. Namba saba ilisimama, na jikoni iliiva upesi, haikumaliza kuni.

Watafiti waliandika yote katika daftari, wakamshukuru, wakasema watarudi na majibu. Hawakurudi. Shirika lao lilikuwa limeunganishwa na jingine. Bwana aliyekuwa akija alihamishwa, na gari likarudishwa makao makuu. Mama akabaki na mbegu yake, akaipanda mwaka baada ya mwaka. Sasa akina mama wa kikundi chake wanaitaka, nao wanauliza maswali ya haki: Inaitwaje? Je, yaweza kununuliwa mbegu safi ya aina hiyo? Yahimili magonjwa gani?

Niliandika barua. Nikapiga simu. Ofisi ya kwanza ikanielekeza kwa ya pili, ya pili ikanielekeza kwa ya tatu. Ya tatu ilinijibu kwa adabu kwamba kazi ile ilikuwa ya "mradi wa zamani", na kwamba madaftari hayakuonekana walipohama. Sitataja ofisi hizo, maana si nia yangu kumwaibisha mtu. Lakini hasara ni hii: mpaka leo mama yule huuza namba saba Gakoromone kwa bei ya maharagwe ya mchanganyiko, wakati labda ilistahili kuuzwa kama mbegu bora.

Katika habari hii hakuna mtu aliyeiba, na wala sidhani kuna aliyekuwa mvivu. Kitu kilipotea katikati, kati ya kuteremshwa kwa kibao cha zamani na kupandishwa kwa kibao kipya. Hapo ndipo nitakapo tutazame.

MABADILIKO SI ADUI

Wako watu wakisikia habari kama hii husema, "Basi mashirika yasibadilishwe kamwe." Mimi sikubaliani nao. Mashirika ya utafiti yamebadilika tangu zamani, na mara nyingine ilikuwa lazima.

Kumbukeni Muguga, karibu na Nairobi. Hapo palikuwa na makao ya utafiti wa kilimo, misitu na mifugo kwa nchi zote za Afrika Mashariki kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibidi ijipange yenyewe. Hapa kwetu likaundwa shirika la KARI mwaka 1979. Utafiti wa misitu ukapewa shirika lake, KEFRI, mwaka 1986. Kisha sheria ya mwaka 2013 ikaiunganisha KARI na mashirika ya utafiti wa kahawa, majani ya chai na miwa, yote yakawa KALRO. Kwa hiyo kituo cha utafiti cha Embu, ambacho wazee bado hukiita KARI, leo ni cha KALRO.

Na juu ya hayo liko kundi la vituo vya mataifa mengi liitwalo CGIAR, lililoundwa mwaka 1971. Vituo vyake vimetawanyika duniani: cha mahindi na ngano kiko Mexico, cha viazi kiko Peru, cha mpunga kiko Ufilipino, na cha mifugo, ILRI, makao yake makuu yako hapa Nairobi. Vituo hivi havifanyi kazi peke yake. Mbegu na maarifa yao hutufikia kwa kupitia mashirika ya nchi yetu, kama KALRO.

Nitatoa mfano mmoja wa mabadiliko yaliyokuwa na maana. Zamani CGIAR ilikuwa na vituo viwili vya mifugo katika Afrika. Kimoja, ILRAD, kilianzishwa Nairobi mwaka 1973 ili kuchunguza magonjwa mawili makubwa: ndigana, yaani ile homa iletwayo na kupe, na nagana iletwayo na mbung'o. Cha pili, ILCA, kilianzishwa Addis Ababa mwaka 1974, nacho kilishughulikia malisho, ufugaji na uchumi wa mifugo. Mwaka 1994 viliunganishwa vikawa ILRI.

Sasa ninyi wafugaji niambieni: je, mna ng'ombe mmoja wa ugonjwa na mwingine wa malisho? Ng'ombe wako ni mmoja. Akishiba bila chanjo, kupe watamwua. Akichanjwa bila chakula, hatatoa maziwa. Mtu anayechunguza ugonjwa na mtu anayechunguza nyasi wakikaa meza moja, ni jambo la akili. Kwa hiyo tusilaumu kuungana. Swali letu liwe hili: katika kuungana, ni nini kimeshikwa, na ni nini kimeachwa kuanguka?

VITU VIWILI VILIVYOSHIKWA

Hapa jirani zetu wa Embu wanaweza kutufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF walifanya kazi pamoja huko Embu juu ya miti ya kulisha mifugo. Mti mmoja ulipata sifa kuliko mingine, nao ni kaliandra, ambao asili yake ni Amerika ya Kati. Wakulima waliupanda kandokando ya mipaka na juu ya kingo za matuta, mahali pasipopandwa chakula, wakaukatia ng'ombe wa maziwa. Ikaonekana kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Tena miti ipatayo 500 yamtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka, ukimpa kilo 6 kila siku.

Angalia sasa yaliyoyapata mashirika yale matatu. KARI imekuwa KALRO. ICRAF, iliyoanza mwaka 1978 na kuingia CGIAR mwaka 1991, iliungana mwaka 2019 na CIFOR, kituo cha misitu cha Bogor, Indonesia. Katika yale matatu, ni KEFRI peke yake iliyobaki na jina lake. Hata hivyo kaliandra ingali imesimama juu ya matuta. Kwa nini? Kwa sababu maarifa hayakufungiwa katika kabati la ofisi. Wakulima walifundishwa kukusanya mbegu, kuiloweka, kuotesha miche na kukata mti kwa urefu unaofaa, kisha wao wenyewe wakawafundisha majirani. Kibao kilipobadilishwa, kazi ilikuwa imekwisha kuhamia mashambani.

Mfano wa pili ni ile chanjo ya ndigana. Njia yake ilitengenezwa Muguga katika miaka ya 1970, wakati utafiti ulipokuwa bado wa Afrika Mashariki yote. Si chanjo rahisi. Ndama hupewa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hudungwa dawa ya kuvizuia visimwue, naye akiisha kupona hupata kinga ya muda mrefu. Vijidudu hivyo hapana budi kuhifadhiwa katika baridi kali sana bila kukatika hata siku moja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Tangu hapo mashirika yamekufa na mengine yamezaliwa. Lakini vijidudu vile vilihifadhiwa, na maandishi ya njia ya kutengeneza yalitunzwa. Mwaka 2008 ILRI ilitengeneza akiba mpya ya chanjo ile ile, na baadaye kazi ya kuitengeneza ikakabidhiwa kituo cha Lilongwe, Malawi. Kazi ilipita katika mikono mingi, lakini kila mkono ulimkabidhi mwenzake na hakuna aliyeiacha ianguke. Ndama wanaokingwa leo wanaokolewa na kazi iliyoanzwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Linganisheni hayo na namba saba. Chanjo ilikuwa na mtu wa kuikabidhi na mtu wa kuipokea. Namba saba haikuwa na mtu.

MAMBO YA SIKU HIZI

Nayasema haya sasa kwa kuwa mabadiliko hayajaisha. Tangu mwaka 2019 wakubwa wa CGIAR walikata shauri kuviunganisha vituo vyao viwe chini ya uongozi mmoja, mpango ambao umeitwa CGIAR Moja. Sababu walizotoa zina uzito: kazi zilikuwa zikifanywa mara mbili, na wafadhili walichoka kuzungumza na kila kituo peke yake. Lakini mwaka 2020 kundi la wataalamu liitwalo IPES-Food liliandika barua ya wazi, likionya kwamba mpango huo ulikuwa ukisukumwa mbele bila kuwashirikisha vya kutosha watu wa nchi ambazo utafiti huo ni kwa ajili yao. Maneno hayo yalinigusa. Nilimkumbuka mama wa namba saba.

Kisha mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilifunga USAID, shirika lake la misaada, ambalo lilikuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa utafiti wa kilimo. Fedha zikipungua ghafula namna hiyo, kazi hukatwa upesi, na kazi ya shambani ni rahisi kukatwa kuliko mshahara wa mkubwa. Na hapa nyumbani, tangu mwaka 2013, kazi ya kuwafundisha wakulima imekuwa ya serikali za kaunti, hali utafiti umebaki wa serikali ya taifa. Sisemi mpango huo ni mbaya. Nasema tu kwamba kati ya mtafiti na mkulima sasa pana daraja la kuvuka, na daraja lisipotunzwa huoza.

KWA WAKUBWA WA MASHIRIKA

Kama ningepewa nafasi ya kusema nao, ningewaambia mambo manne tu.

Jambo la kwanza: anzeni hesabu yenu shambani, si ofisini. Kabla ya kuunganisha mashirika mawili, andikeni orodha ya kila shamba la mkulima lenye majaribio, na ahadi aliyopewa mkulima huyo. Mashirika huhesabu magari, meza na hata viti vya kukalia. Ahadi pia ni mali, nayo ihesabiwe.

Jambo la pili: makabidhiano yawe ya mtu kwa mtu. Bwana anayehamishwa amchukue anayeingia, waende pamoja mpaka kwa mkulima, waseme, "Mzee, mimi naondoka, huyu ndiye atakayekuja." Safari hiyo haina gharama kubwa. Kuirudisha imani ya mkulima aliyeachwa ndiyo yenye gharama.

Jambo la tatu: daftari la majaribio liwe na nakala, na nakala moja ibaki kwa mkulima mwenyewe au kwa chama chake. Majaribio yakiisha, namba zifunuliwe na majina yatajwe. Mtu aliyetoa ardhi yake na jasho lake ana haki ya kujua alichopanda.

Jambo la nne: watu waambiwe mapema na kwa lugha waijuayo. Mabadiliko yakitangazwa kwa waraka wa kurasa hamsini za Kiingereza cha mikutano, hata mimi karani hunishinda. Wafanyakazi wadogo wasipoelewa, hukaa wakingoja barua ya uhamisho, na mtu anayengoja barua hafanyi kazi.

KWETU SISI

Lakini tusiwatupie wengine mzigo wote. Nasi tuna la kufanya.

Kwanza, andika. Mtafiti akija shambani kwako, uliza jina lake, jina la shirika lake, kazi aijiayo, na lini ataleta majibu. Yaandike katika daftari la mtoto, utie na tarehe. Chora ramani ndogo ya vipande vilivyopandwa na namba zake. Mama yule hakuwa na daftari. Alikuwa na kumbukumbu yake tu. Kumbukumbu ni njema, lakini ofisi haiisomi.

Pili, msimpokee mtafiti kila mtu peke yake. Mpokeeni katika chama cha ushirika au katika kikundi. Barua ya mkulima mmoja ni rahisi kuwekwa chini ya faili. Barua yenye mhuri wa chama na sahihi za watu arobaini haikai chini muda mrefu. Nasema hivi kwa kuwa mimi ndiye ninayeziweka faili hizo.

Tatu, tusizoee kukaa tukingoja. Msemo wa wazee ni kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji anayejua kupona kwa mgeni tu, siku mgeni asipokuja atafanyaje? Chukua maarifa ungali nayo karibu. Kama ni mbegu ya mti, jifunze kuikusanya. Kama ni chanjo, uliza yapatikana wapi na nani ameruhusiwa kuitoa. Wakulima wa Embu walifanya hivyo, na kaliandra yao haikukauka kwa sababu ya jina kubadilishwa Nairobi.

MWISHO

Nimewahi kutazama jambo moja pale Gakoromone. Mama anayeuza ndizi akihamishwa kibanda, hafanyi mkutano wala hachapishi waraka. Siku tatu kabla ya kuhama humwambia kila mteja, "Kesho kutwa hutanikuta hapa, nitakuwa upande ule, karibu na wauza viazi." Na siku ya kuhama humwacha mtoto wake mahali pa zamani, awaongoze wanaofika wakitafuta. Hampotezi mteja hata mmoja. Anajua kwamba akimpoteza mteja, kibanda kipya hata kikiwa kizuri namna gani hakitamlisha.

Nawaomba wakubwa wa mashirika ya utafiti, wa hapa nchini na wa mataifa, wafanye kama mama huyu. Wabadilishe majina wakitaka, waunganishe ofisi ikiwa yafaa. Lakini wasihame bila kumwacha mtu wa kutuonyesha njia. Kibao kipya hakikamui ng'ombe, wala hakipalilii maharagwe.

Na kwa watafiti wanaosoma gazeti hili: kama miaka ile ulipanda maharagwe ya aina nane katika shamba la mama mmoja upande huu wa Meru, na bado unalo daftari lako la zamani nyumbani, tafadhali fungua ukurasa wa namba saba. Andika jina lake katika karatasi, uilete dirishani kwangu. Nitaipeleka mwenyewe.